Mwalimu na Meza ya Baruti

Wakati wa sala ya kimya, katika ukumbi wa shule tuliokuwa tukisalia kila Jumapili kule Bowie, Amerika, kitu kidogo kilidondoka sakafuni na kuanza kubingirika. Kikafuata cha pili. Kisha vikamwagika vingi kwa pamoja, vikigonga mbao kama mvua inayoanza juu ya mabati, vikashuka hadi kwenye viatu vya mchungaji. Tukafumbua macho mmoja mmoja. Katikati ya ukumbi alisimama mama mzee, mwembamba, mwenye kofia ya kijani, ameshika pindo la koti lake lililofumuka.

"Ni marisau," akasema, kwa sauti ambayo mtu hutumia kusoma matangazo. "Ni yangu. Yametoka kwenye koti. Msiyakanyage, yanateleza."

Kisha akafumba macho, akaendelea kusali.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Mwalimu. Sikujua marisau ni nini. Nilidhani ni shanga. Baada ya ibada nilipiga magoti chini ya viti kumsaidia kuyaokota, naye akanieleza kwamba ni chembe za madini ya risasi zinazojazwa ndani ya risasi ya bunduki ya kuwindia. Mama mzima, mwalimu wa watoto wa Shule ya Jumapili, ametembea na vitu hivyo kwenye pindo.

"Unaitwa nani?" akaniuliza.

"Kagendo."

"Kagendo, una vidole vyepesi. Unaogopa mlipuko?"

Nikamwambia sijawahi kuulizwa swali hilo kanisani.

"Basi njoo Jumanne mchana," akasema. "Usivae sweta."

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Watoto wangu wawili walikuwa Meru kwa mama yangu, na mimi kazi yangu ilikuwa kuogesha na kulisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Nilikuwa nimekaa Amerika mwaka mmoja na nusu: kazi, basi, usingizi, kazi. Siku ile nilirudi chumbani kwangu moyo ukidunda. Nilihesabu saa mpaka Jumanne kama mtoto anayengojea sikukuu.

Nyumba yake ilifanana na za majirani wote: majani yaliyokatwa vizuri, gari safi mlangoni, mapazia meupe. Ila ukishuka ngazi kwenda besmenti, chumba cha chini ya nyumba, ulikuta meza nzito ya mbao, mashine ya chuma yenye mkono mrefu, mizani ndogo, na makopo yaliyobandikwa karatasi kwa mwandiko wa mwalimu. Vitu hivyo vilikuwa vya marehemu mume wake. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya serikali, na wenzake wa kazini ndio waliomwingiza kwenye mchezo wa kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Miaka yote hiyo Mwalimu alikuwa akimletea chai na kuishia kwenye ngazi ya chini. Mwezi mmoja baada ya mazishi alishuka ili azitoe zile takataka, akakuta maganda kumi na mawili ya risasi yamepangwa kwenye kibao, yana baruti lakini hayana marisau.

"Siwezi kuacha kazi ya mtu katikati," aliniambia. Alikuwa amefundisha kemia katika shule ya wasichana huko kwetu kwa miaka mingi. Akasoma kitabu cha marehemu mara mbili, akayamalizia yale kumi na mawili, na hakuitoa tena ile meza.

Alinifundisha kama anavyofundisha mtu aliyejaza darasa peke yake. Ganda la risasi likishapigwa, alisema, si takataka. Unaitoa kitakoni fataki iliyokufa, kile kidude kinachowasha baruti, unatia mpya. Unamimina baruti. Unashindilia kizibo cha plastiki. Unamimina marisau. Kisha unakunja mdomo wa ganda kama unavyofunga sambusa. Mashine hufanya kila hatua ukivuta mkono wake, lakini kukumbuka uko hatua gani ni kazi yako. Risasi yangu ya kwanza ilitoka imepinda mdomo kama mzee asiye na meno. Niliigeuza kiganjani nikiitazama, nikacheka peke yangu. Tangu nifike nchi ile nilikuwa sijatengeneza kitu chochote kwa mkono wangu.

Kuhusu sweta, sababu yake ilikuwa baridi. Wakati wa baridi hewa ya nyumba za kule hukauka, na sufu ikisuguana na mwili hutoa cheche. Kwa hiyo mgeni alivua sweta juu ya ngazi hata akitetemeka, akashuka, akashika bomba la maji lililokuwa ukutani ili umeme ule utoke mwilini. Kitendo hicho Mwalimu alikiita kumwamkia bomba.

"Umemwamkia bomba?"

"Nimemwamkia."

"Na amekujibu?"

Akikujibu ulisikia kamchomo kadogo kwenye kidole. Ndipo uliporuhusiwa kuisogelea meza.

Ukutani, mbele ya meza, aliweka ubao mweusi aliouokota shule fulani ilipokuwa inabadilisha vifaa. Juu kabisa aliandika kwa chaki: KILICHOMWAGIKA KITAJWE. Sheria ilikuwa moja. Ukimwaga kitu, unasema kwa sauti papo hapo, hata kama uko peke yako. Kisha unaandika jina lako na kilichotokea, na hapafutwi mpaka sababu ijulikane.

"Si adhabu," alisema. "Kumwaga si kosa. Kila mkono humwaga. Kosa ni kunyamaza."

Na mkono wake ulimwaga kuliko wa mtu yeyote. Hilo ndilo lililonishangaza, na ndilo lililonifanya nimpende. Mwanamke aliyeweza kukaa dakika tano akiitazama sindano ya mizani itulie ndiye aliyesahau kufunga chupa ya marisau, akaigeuza, na kilo nzima ikamiminika sakafuni. Tuliyakuta marisau yale miezi na miezi. Yalikuwa kwenye pindo la koti, kama nilivyokwishasema. Yalikuwa kwenye mashine ya kufulia, ikawa kila akifua nyumba inavuma kama kuna mvua ya mawe. Yalikuwa kwenye soli za mtu wa posta, ambaye aliuliza kwa heshima kama Mwalimu ana kuku anayetaga vitu vidogo sana.

Kabla sijamjua, aliwahi kusafisha ile sakafu kwa mashine ya kufyonza vumbi. Fataki moja iliyokuwa imejificha chini ya meza ikaingia humo, ikalipuka. Mfuko wa vumbi ukaanza kutoa moshi. Mwalimu akaichomoa waya, akaiburura ile mashine kupanda ngazi, akatoka nayo nje kwenye theluji ameishika mkia kama mtu anayetoa nyoka ndani. Jirani wa ng'ambo ya barabara, Mmarekani mstaafu, alikuja na ndoo ya maji, akaimwagia, akarudi kwake bila kuuliza neno. Tangu siku hiyo sakafu ile haikujua ila brashi na kizoleo, tena kwa mkono wa taratibu.

Alikataza chakula karibu na meza, na alikuwa na haki, kwa sababu madini ya risasi ni sumu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na njugu mfuko wa kushoto wa aproni yake, na mfuko wa kulia vizibo vya plastiki. Akizama kwenye mawazo alipanda ngazi kwenda kutafuna njugu, na mara nyingi nilisikia huko juu akitema na kujitaja kwa sauti: "Mwalimu. Kizibo."

Mwanafunzi mwingine alikuwa Baba Furaha, Mkongomani wa Uvira, aliyekaa Annandale na binti yake mmoja na kufanya usafi kwenye maofisi. Alikuwa amekimbia vita. Nilimwuliza siku moja inakuwaje mtu aliyekimbia bunduki aje tena kuicheza. 

"Kule bunduki ilikuwa inanitafuta mimi," akasema. "Huku inatafuta sahani. Ile njo tofauti, dada."

Siku yake ya kwanza kwenye meza, alifungua sanduku la fataki kichwa chini. Mia nzima zikatawanyika kama kunde. Wakati huo alikuwa anapiga hatua, mguu mmoja uko hewani.

"Usiuweke chini, Baba Furaha," Mwalimu akasema.

"Nasimama vile mpaka lini, Mama Mwalimu?"

"Mpaka tufike tisini na tisa. Moja nimeiona iko wapi, iko chini ya kisigino chako."

Tukaokota, mimi na Mwalimu, tukitambaa kumzunguka mtu aliyesimama mguu mmoja kama korongo, akiomba kwa Kiswahili, akilalamika kwa Kifaransa. Tulipomaliza aliuweka mguu chini, akaenda mwenyewe ubaoni kuandika jina lake. Nililala siku ile mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Mwalimu hakuwa mtu wa kueleweka kirahisi. Aliyeishi na makopo ya baruti chini ya chumba chake cha kulala, sikukuu ya uhuru wa Amerika, mwezi Julai, watu wakirusha fashifashi alijifungia bafuni na redio. Hakutazama filamu yenye bunduki. Hakumpiga ndege wala sungura, na kuku alimnunua akiwa amekatwakatwa ili asimkumbuke alivyokuwa. Na aliogopa Beltway, ile barabara kuu inayouzunguka mji wote. Hakuwa ameendesha juu yake hata mara moja. Kwenda uwanja wa shabaha, ulioko upande wa Virginia, alipita vijia vya ndani, taa baada ya taa, safari ya saa mbili.

"Barabara isiyo na taa nyekundu haina adabu," alisema.

Alikuwa mkali, na sifa yake kubwa kuliko zote ilikuwa neno moja: "Inafaa." Nilipovunja kisahani changu cha kwanza hewani, kikawa vumbi, nilihisi bega linawaka na miguu haigusi chini. Niligeuka kumtazama. "Inafaa," akasema, na mimi nikatembea na neno hilo wiki nzima, nikiwaogesha wazee huku natabasamu, mpaka mmoja akaniuliza kama nimepata mchumba.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kwenye meza ile, majani yalipoanza kuanguka, ndipo nilipofanya jambo ambalo hata leo likinijia natoka jasho.

Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa najaza maganda ya manjano. Mwalimu alikuwa juu akizungumza na mwanawe kwa simu. Mwanawe huyo alikaa Sterling, alifanya kazi upande wa uwanja wa ndege. Nilikuwa nimeshamimina baruti kwenye maganda kumi na mawili, yamesimama kwenye kibao, yanangoja vizibo. Nikageuka kuchukua mfuko, kiwiko kikakipiga kibao. Matano yakaanguka. Baruti ikamwagika mezani kama pilipili manga.

Mdomo wangu ulifunguka niseme. Kisha nikautazama ubao. Jina langu lilikuwa pale mara tatu mwezi ule, na Baba Furaha alikuwa ameanza kuniita Dada Mumwagaji. Nikafunga mdomo. Nikaikusanya baruti kwa brashi, nikairudisha kwenye yale maganda matano kwa kukisia, nikaendelea. Mwalimu aliposhuka, akaniuliza kama kila kitu kiko sawa.

"Kiko sawa," nikasema.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kazini. Wakati wa chai nilimpigia Mwalimu simu kumwuliza kuhusu wimbo wa kesho kanisani. Katika maneno yake akasema Baba Furaha alipita jana jioni akachukua maboksi mawili, moja la risasi za manjano na moja la nyekundu. Leo kuna mashindano ya wanaoanza.

Nikakitua kikombe.

"Kagendo," akasema. "Sema."

Nikasema. Nilidhani atanifokea. Akaniuliza mambo matatu tu: yalikuwa mangapi, ya rangi gani, na kama kuna yaliyobaki nyumbani. Baruti ikizidi ndani ya risasi, inaweza kupasua bunduki usoni mwa mtu. Ikipungua, kizibo kinaweza kukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ndiyo inayopasua. Sikuhitaji kuambiwa hayo. Yeye ndiye aliyenifundisha.

"Nimeshapata namba ya uwanja hapa," akasema. "Nitapiga. Wewe simama mlangoni."

Baada ya robo saa gari lake lilisimama mbele yangu. Simu ya uwanja, alisema, ilikuwa inalia bila kupokewa. Baba Furaha hakuwa na simu ya mkononi. Wachache sana kati yetu walikuwa nayo wakati ule. Nikafunga mkanda, nikangoja ageukie vijia vyake. Hakugeuka. Alienda moja kwa moja kwenye njia ya kuingilia Beltway.

"Mwalimu, hii ni Beltway."

"Naijua. Nisomee vibao. Vyote, na mapema."

Nikamsomea. Malori yalitupita pande zote mbili, gari likayumba kwa upepo wao. Alishika usukani kwa mikono miwili, ameinama mbele, midomo imebana. Nikamwambia toka kulia, akatoka. Nikamwambia kuna lori linaingia, akalipisha. Juu ya daraja la mto Potomac magari yalienda kwa kujivuta, na mimi nilikuwa nauona uso wa Baba Furaha kila nikifumba macho. Nikaanza kulia.

"Lia baadaye," akasema. "Sasa hivi soma."

Tulipofika uwanjani hakuliegesha gari. Alilisimamisha kwenye majani na kuliacha mlango wazi. Wapigaji walikuwa wamejipanga kwenye vituo vyao. Baba Furaha alikuwa wa tatu. Alikuwa ameshatia risasi. Alikuwa anainua bunduki begani.

Sijawahi kumsikia Mwalimu akipaza sauti kabla ya hapo, na sijamsikia tena. Ilikuwa sauti ya mtu aliyewahi kunyamazisha bweni zima kutoka upande wa pili wa uwanja wa michezo.

"Baba Furaha. Shusha mtutu. Fungua."

Mstari mzima ulishusha. Hata Wamarekani wasiojua neno la Kiswahili walishusha. Baba Furaha akaifungua bunduki, akaitoa risasi, akaiinua tuione.

"Iko nini, Mama?"

"Rangi gani?" Mwalimu akaniuliza pembeni.

"Nyekundu," nikasema. Haikuwa yangu. Boksi la manjano lilikuwa bado limefungwa miguuni pake. Alikuwa amepiga nyekundu kama kumi hivi, zote salama. Nikakaa chini kwenye majani nikacheka na kulia kwa pamoja, naye Baba Furaha akanipa chupa yake ya maji bila kujua ni kwa nini.

Ningetaka kusema hadithi iliishia pale. Lakini Mwalimu alizikusanya zote, nyekundu na manjano, na ile iliyotoka kwenye bunduki akaitumbukiza pamoja na wenzake.

Jumapili mchana, baada ya ibada, tulizipasua zote midomo, moja moja, juu ya meza. Mimi nilimimina baruti kwenye mizani, yeye akasikiliza.

"Soma," alikuwa akisema. Nami nasoma.

Za manjano zilikuwa kama nilivyoogopa. Mbili zilipungua, na moja kati ya hizo ilipungua vibaya kabisa. Nikaenda mwenyewe ubaoni, nikaandika jina langu, na mbele yake: nilimwaga, nikaficha.

Kisha tukaingia kwenye nyekundu. Tulikuwa tunafanya harakaharaka sasa, kwa kuwa nyekundu zilikuwa kazi yake Mwalimu. Kama ya saba hivi, nilipoimimina, mizani iliruka mpaka mwisho ikagonga chuma. Nikapunguza, nikapima upya. Ilikuwa na baruti mara mbili.

"Soma," akasema.

Nikasoma.

"Rangi gani?"

"Nyekundu, Mwalimu."

Akalichukua lile ganda, akalileta karibu kabisa na pua yake, akaligeuza kuelekea dirishani. 

"Nyekundu nilijaza mimi," akasema. "Alhamisi. Peke yangu."

Akainuka, akachukua chaki, akaandika jina lake ubaoni. Aliliandika juu ya jina langu, herufi zikapanda juu ya herufi, na hakujua. Nilisimama nyuma yake nikitazama chaki ile ikipita juu ya maneno niliyokuwa nimeandika saa ile ile, makubwa, meupe, na mambo mengi yakanijia kwa mpigo mmoja: soma, rangi gani, nisomee vibao.

"Mwalimu," nikasema, "huoni."

Akaiweka chaki chini.

"Naona," akasema. "Kama unavyoona kupitia karatasi iliyofungiwa maandazi. Ni mtoto wa jicho. Yote mawili."

"Tangu lini?"

"Ukungu ulianza polepole. Tangu Pasaka umezidi."

"Na jana, kwenye Beltway?"

"Ulinisomea vibao."

 Akaenda kukaa kwenye ngazi ya chini, mikono kwenye aproni. Nilimwuliza kwa nini hakusema, yeye wa ubao ule.

"Ningesema, mwanangu angekuja kunichukua na kuniondoa kwenye meza hii," akajibu. "Marehemu yuko hapa, Kagendo. Juu kuna picha zake, lakini yeye yuko hapa. Nikawafundisha ninyi kutaja yanayomwagika mkononi, yangu ya machoni nikayafunika." Kisha akainua uso. "Lakini na wewe usijifiche nyuma ya kosa langu. Lako liko palepale."

"Liko palepale," nikasema.

"Ungelinyamazia, hili langu lisingeonekana. Baba Furaha angelipiga jana au kesho."

Hatukujua kama ganda lile ndilo lililokuwa ndani ya bunduki tulipofika. Yalikuwa yamekwisha kuchanganyika. Tulipomweleza Baba Furaha, alisikiliza mpaka mwisho, akakiuma kidole chake kidogo.

"Vita ilinikosa," akasema. "Hii haikunikosa. Ninyi mulikuja kuizuia." Kisha akamwambia Mwalimu, kwa upole, kwamba Jumatano hana kazi na atampeleka kwa daktari wa macho, na kwamba asikatae. Hakukataa. Jioni ileile Mwalimu mwenyewe ndiye aliyempigia mwanawe simu, akamwambia yote kwa sauti, mimi nikiwa nimesimama pale.

Mwanawe alimhamishia Sterling kabla ya Krismasi. Mimi nilijiandikisha chuo kule Annandale nisomee uuguzi, na kati ya masomo, kazi na watoto ambao hatimaye walikuja, ukapita mwaka na zaidi tukiongea kwa simu tu. Alinieleza upasuaji wa jicho la kwanza, kisha la pili, kwa mpangilio kama jaribio la maabara. Hakuniambia anaonaje. Nilipouliza alisema, "Nitakueleza tukionana."

Tulionana Aprili ya mwaka wa tisini na tisa, Jumamosi, kwenye uwanja ule ule. Baba Furaha ndiye aliyetuita. Asubuhi ilikuwa safi, majani mapya, jua limetoka kweli kweli. Nilikuwa bado kwenye maegesho niliposikia jina langu likiitwa kutoka mbali, hatua hamsini au zaidi. Mwalimu alikuwa anakuja, bila miwani, amevaa gauni la maua.

Aliponifikia hakunisalimu. Alinishika kidevu kwa vidole viwili, akanigeuza huku na huku.

"Kumbe una kovu hapa, juu ya nyusi."

"Nililipata nikiwa mtoto. Niligongwa na mlango."

"Miaka mitatu na sikuliona," akasema. "Na mvi nazo unazo. Sita." Akaendelea kunitazama, machozi yakimlengalenga, mpaka watu waliokuwa wanapita wakatupisha.

Alikuwa na boksi la risasi za dukani na bunduki ya marehemu. Akasimama kituoni, akaweka miguu vizuri, akaita kisahani kirushwe. Kisahani kikaruka kutoka kibandani, cha rangi ya chungwa kali, kikapanda juu ya miti kikizunguka na kung'aa, kikainama, kikateremka taratibu, kikalala kwenye majani kizima. Hakuwa amefyatua. Bunduki ilikuwa bado iko kiunoni.

"Umekosa, Mama Mwalimu," Baba Furaha akasema.

"Sijakosa. Sijapiga."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nakitazama," akasema. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, kama msichana. Akamgeukia mtu aliyekuwa akirusha visahani, akainua mkono, akaomba kingine.